Mpaka Mwisho wa Meza

Kijiko kilibingirika juu ya meza gizani. Arlette alikuwa macho tayari, amelala ubavu, mkono wake chini ya kichwa cha binti yake, naye akakisikia kikienda: krr, krr, krr, polepole, kama mtu asiye na haraka na asiyengojewa. Kilikwenda muda ambao mtu angesali Baba Yetu mpaka kwenye mkate wa kila siku. Hakikuanguka. Alipoona hakianguki, alijua meza imerefuka tena. Akamvutia mtoto kitenge mpaka mabegani, akangoja kukuche.

Ilikuwa meza ya watu wawili. Seremala Wilfried alipowaletea, mwaka ule wa ndoa, Arlette na Eddy walikaa wakitazamana na magoti yao yakagusana chini yake, wakacheka. Kisha Eddy alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, na meza ikaanza kurefuka upande wa kiti chake. Mwanzoni ilikuwa kiasi cha kiganja, jioni ambazo simu haikulia. Simu ilipozoea kunyamaza, meza nayo ikazoea kwenda, na nyumba ikaisogezea ukuta kama watu wanavyomsogelea mgeni kwenye benchi la kanisa. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliitazama kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Tafuta kitambaa kingine, Mama Ketsia, hiki hakifike." Arlette akashona vitambaa viwili pamoja, na baadaye vitatu.

Ketsia alikuwa na miaka mitano, na hakuwa bubu. Tangu baba yake aondoke alikuwa akinong'ona tu, tena katika sikio la mama yake peke yake. Sauti ilikuwapo, nzima, ila ilitaka sikio liletwe mlangoni. Kwa hiyo Arlette aliinama. Aliinama sokoni, aliinama kanisani, aliinama akiwa na ndoo ya maji kichwani, na mgongo wake ulikuwa umeanza kuwa mgongo wa mwanamke mzee, ingawa alikuwa bado kijana kabisa.

Shuleni hakuna aliyeinama. Mwalimu wa darasa la wadogo alikuwa ameolewa Kalemie, na tangu aende, darasa lilishikwa na yeyote aliyepita karibu. Wiki iliyopita lilishikwa na Willy, mlinzi wa lango, ambaye aliwafundisha watoto kufunga na kufungua. Leo juri ingekaa kuchagua mwalimu mpya, na Arlette alikuwa ndani ya juri hiyo kwa upande wa akina mama. Papa Bonaventure, prezida wa komite ya wazazi, ndiye aliyemtaja. "Huyu mutoto wangu amesoma masomo ya jioni," aliwaambia wenzake. "Akae na sisi." Ni yeye pia aliyeomba ukumbi wa parokia ili masomo hayo ya jioni yapate paa, na mvua iliponyesha alikuja mwenyewe na taa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna katika habari hii aliye mbaya.

Arlette alitaka kitu kimoja tu, na hakuwa amekiambia mtu: mwalimu ambaye siku moja Ketsia angemwambia neno.

Katika masomo hayo ya jioni, mwalimu wao Mama Émilienne aliwahi kuwafundisha namna ya kumsikiliza mtu anayetafuta kazi. "Baulize bote maswali ileile," aliwaambia. "Uliza juu ya kazi, usiulize juu ya ukoo. Na ukishauliza, funga kinywa. Jibu ni sawa kuku mugeni. Ukimukimbiza, haingie ndani." Wanawake wote walicheka, kwa sababu nani kati yao angekaa upande huo wa meza? Lakini Arlette alikuwa ameyaweka maneno yale mahali, pamoja na mengine ambayo hayajapata kazi.

Ofisi ya shule ilitazama uwanja, uwanja ulitazama barabara, na ng'ambo ya barabara ulikuwa mchanga wa ziwa, mahali akina mama wa mji wa Baraka wanapoanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Meza ya ofisi ilitoka kwa Wilfried yuleyule. Nyuma yake walikaa wanne: Papa Bonaventure katikati, Mama Adolphine, aliye mkuu wa shule, na termosi yake ya chai, Mwalimu Dieumerci, mstaafu aliyeshuka kutoka Fizi asubuhi, bado amevaa sweta ya baridi ya milimani, na Arlette pembeni, kalamu mkononi.

Wa kwanza aliingia Gentille.

"Karibu, mama," alisema Papa Bonaventure. "Weye ni mutoto wa nani?"

Alimjua tangu ananyonya, kwa kuwa alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Lakini ndivyo inavyofanywa. Mtu hawezi kuingia mahali pa watu akaanza kujibu maswali kama mbuzi asiye na kamba. Kwanza anaulizwa baba, kisha babu, kisha kijiji, na hiyo ni heshima anayopewa, wala si kumchunguza.

Gentille alimtaja baba yake. Meza ikajivuta. Ilifupika taratibu, ikiburuta kiti cha msichana pamoja nayo, na Mama Adolphine akainua termosi kwa mazoea ya mtu anayeokoa nguo mvua inapokuja. Iliposimama, magoti ya Gentille yalikuwa katikati ya magoti ya juri na viwiko vyake juu ya karatasi zao.

"Mama yako anaendelea?"

"Anaendelea, baba mukubwa."

"Mugongo?"

"Mugongo bado kidogo."

"Pole yake. Unapenda batoto?"

"Napenda."

"Sana?"

"Sana."

"Vizuri," alisema Mwalimu Dieumerci, akaandika.

Kwa ukaribu ule Arlette aliona kila kitu: uzi uliokatika kwenye ukosi wa Gentille, vidole vilivyotobolewatobolewa na sindano, na macho yaliyokuwa yamelia asubuhi. Aliona kwamba msichana anataka kurudi kwenye cherehani yake. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka kazi. Alikuwa karibu mno hata asiweze kuulizwa.

Wa pili, Aline, alikuja kwa mashua kutoka Kazimia. Alipomtaja baba yake, Papa Bonaventure alisema, "Aah, ba Kazimia, tunabajua," na meza ikaenda kiasi cha mtumbwi mmoja, ikatulia. Aline aliinua sauti kama mwuza samaki, juri nayo ikainua yake, wakaelewana kwa namna fulani. Alipoondoka, Mama Adolphine alijinyoosha mabega.

Hapo Arlette akasema. Alisema akitazama kalamu.

"Papa Prezida, huyu mwenye kubakia, tujaribu kuanza na kazi. Mambo ya wazazi tuulize nyuma."

Papa Bonaventure alimgeukia kwa upole, kama mtu aliyeombwa na mtoto ashike kikombe kwa mkono mwingine.

"Tujaribu," alisema Mama Adolphine. "Hii meza, leo imenichokesha. Kila saa kubeba termosi."

Wa mwisho aliitwa Uwamwiza. Alikuwa amefuta viatu vyake kwa jani langoni. Kipande cha jani kilikuwa bado kimeshika kwenye kisigino. Alisalimu, akakaa, akaweka mkoba magotini. Meza haikusogea. Ilibaki kama Wilfried alivyoipima: karibu kiasi cha kupeana karatasi, mbali kiasi cha kutoona uzi uliokatika.

Mama Adolphine aliuliza. "Mutoto analia kila asubuhi, hataki kuacha mama yake. Utafanya je?"

Uwamwiza alinyamaza. Alinyamaza mpaka Mwalimu Dieumerci akafungua kinywa ili amsaidie, na Arlette akamjazia Mwalimu Dieumerci chai.

"Nitaomba mama aache kandambili moja," alisema Uwamwiza mwishowe. "Niiweke pale mutoto anaiona. Mutoto anajua mama haweze kuenda mbali na kandambili moja."

Mama Adolphine alitazama miguu yake mwenyewe, akaanza kucheka. Mwalimu Dieumerci alicheka mpaka akavua miwani.

"Na mama atarudi ku nyumba namna gani?" aliuliza.

"Atarukaruka, Papa. Ni mama yake."

Wakacheka tena. Dirishani walikuwa wametokea watoto watatu, kisha sita, kwa sababu watoto hufuata kicheko kama nzi wanavyofuata embe.

"Na siku utakosea mbele yabo?" aliuliza Mwalimu Dieumerci, na safari hii alikuwa ameegemea mbele, akitaka kujua.

"Nitasema nimekosea. Nilishafanya. Banafurahi sana."

Kalamu ya Arlette ilikuwa imesimama. Yalibaki maswali matatu, na la mwisho kabisa lilikuwa la kwake. Alihisi kitu kifuani kikijinyoosha, kitu kidogo chenye matumaini, na akakiambia kitulie.

Papa Bonaventure alikuwa akitabasamu. Alikuwa amempenda mwanamke huyu. Ndiyo maana aliuliza. Hangemwacha mgeni aliyempenda aondoke bila kuheshimiwa.

"Mama, unajibu vizuri sana. Sasa utuambie kidogo. Weye ni mutoto wa nani?"

"Ni mutoto wa Sebasaza."

"Sebasaza wa wapi?"

"Wa kule juu, Papa. Kule ku ngombe."

"Aah," alisema Papa Bonaventure, akatikisa kichwa kwa heshima.

Hakuna aliyesema neno baya. Meza ikaanza kwenda.

Ilipita mlangoni, ikashuka ngazi moja ya saruji bila kuyumba, ikakata uwanja katikati ya bembea na pipa la maji. Willy alifungua lango, kwa sababu kufungua ndiyo kazi yake. Ilivuka barabara, motari mmoja aliinama juu ya usukani akapita chini yake, mwingine aliyebeba magodoro akazima pikipiki, akangoja. Uwamwiza alikwenda nayo, ameketi wima kwenye kiti chake, mkoba magotini, kama abiria anayejua bandari yake. Meza ilisimama mchangani, kati ya nyavu za ndagala. Kutoka ofisini alionekana mdogo kama termosi.

"Yamebaki maswali matatu," alisema Mama Adolphine. "Willy! Kuya."

Willy alikabidhiwa la kwanza, kwamba angefanya nini na watoto arobaini na chaki moja. Alitembea kando ya meza, akavuka barabara, akaonekana ameinama, akakaa sana huko. Kisha akarudi.

"Anasema ndiyo," aliwaambia.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, anaweza."

Walimpa la pili. Alirudi jasho likimtoka, akasema vilevile.

"Willy," Arlette alimwuliza, "anasema ndiyo tu? Naona alikuwa anaonyesha na mikono."

"Alisema mingi, Mama Ketsia. Kulikuwa mambo ya mawe, na wimbo moya. Lakini njia ni murefu. Ingine ilianguka."

Juri iliandika: ndiyo, ndiyo.

La tatu Arlette hakutaka lianguke. Alisimama, akaweka kiganja juu ya ubao, akaanza kutembea. Mbao ilikuwa ya moto kwa jua. Watoto walikuwa wametoka kwa mapumziko na walikwenda pamoja naye kwa muda, wakigonga meza kwa vijiti, mpaka Willy akawazuia langoni. Mmoja tu hakuzuiwa, kwa kuwa hakuonekana: Ketsia alitembea chini ya meza, kivulini, sambamba na miguu ya mama yake.

Mwisho wa meza, akina mama wa ndagala walikuwa wamemfunika Uwamwiza kitenge kichwani na kumpa maji katika kikombe cha bati. Walikuwa wakiongea habari za bei ya chumvi.

"Ni nyinyi mwenye kuweka mugeni ku jua?" mmoja alimwuliza Arlette.

"Ni meza, mama."

"Hata. Meza haina mikono," alisema yule mama, akarudi kugeuza samaki wake.

Arlette alimgeukia Uwamwiza. Alikuwa ameliandaa swali kwa maneno mazuri ya karatasi, lakini njia ni ndefu, na mengine yalikuwa yameanguka.

"Kuko mutoto mwenye haseme," aliuliza. "Utafanya je?"

"Hasemi hata na mutu moya?"

"Na mama yake. Mu sikio."

"Na mama anainama?"

"Anainama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Uwamwiza alikunywa maji, akakirudisha kikombe kwa mwenyewe, akashukuru. Arlette alifunga kinywa. Alingoja kama alivyofundishwa, na ziwa likapiga mchanga, likavuta pumzi, likapiga tena.

"Basi mimi, siku moya sitainama," alisema Uwamwiza. "Nitasimama mbali kidogo, nitamungojea. Bila kasirani. Mutoto mwenye banapenda karibu, banapaswa kumupenda na mbali pia. Kama hapana, atajua namna gani sauti yake inafika wapi?"

Kisha akauliza, "Ni wako?"

"Ni wangu."

"Anaitwa nani?"

Siku ile yote, hilo lilikuwa swali la kwanza la kuuliza jina la mtu mwenyewe.

"Ketsia," alisema Arlette.

"Ketsia," alisema Uwamwiza, bila kutazama popote, na chini ya meza mkono mdogo ukashika pindo la sketi yake, ukakaa hapo.

Huko ofisini Papa Bonaventure alikuwa amesimama akipunga mkono, maana yake asante, tumemaliza. Uwamwiza alisimama naye akapunga. Alivua viatu kwa ajili ya mchanga, akavishika.

"Meza yenu ni muzuri," alimwambia Arlette. "Kuko ingine, mahali pengine, ilinifikisha mu ziwa. Nilijibu na maji mpaka mu magoti." Alicheka kidogo, peke yake. "Hata samaki walijua majibu yangu."

Alitoa pindo la sketi mkononi mwa mtoto, kidole kimoja kimoja, bila kuvuta. Kisha akaenda kutafuta pikipiki ya kupanda Fizi, na Ketsia akamtazama kutoka chini ya meza mpaka hakukuwa na wa kutazama, ndipo akarudi uwanjani kwa njia ileile aliyokuja nayo.

Arlette alikaa kwenye kile kiti. Kilikuwa bado na joto. Kutoka hapo aliiona juri: watu watatu wadogo wa heshima, karibu sana wao kwa wao, vichwa vyao vikigusana juu ya chai.

Sauti ya Papa Bonaventure ilikuja kwa kupitia mbao, ikachukua muda wake.

"Arlette! Siye batatu tunaona Gentille! Weye unasema nini?"

Alifungua kinywa. Barabarani, kati yake na juri, watu walikuwa wakipita: wazazi wa shule, vijana waliotoka sokoni, yule motari wa magodoro, mama mmoja wa kwaya yake na beseni kichwani. Walikuwa wamesikia swali. Walikuwa wamepunguza mwendo ili wasikie jibu. Jina lenyewe lilikuwa fupi na zuri, lakini ni nani hupiga kelele jina la wafuga ng'ombe wa kule juu, mchana, kwa kinywa chake mwenyewe, barabarani Baraka? Naye kule mwisho alikuwa Papa Bonaventure, aliyeleta taa kwenye mvua, mkono nyuma ya sikio, akingoja neno la mtoto wake.

"Uwamwiza," alisema Arlette.

Alilisema. Alilisema kwa sauti ambayo mtu huitumia akiongea juu ya mtoto aliyelala.

Juri iliona midomo yake ikitembea. Papa Bonaventure akainua kidole gumba, akawageukia wengine, na Mama Adolphine akaandika kwamba wote wanne wamekubali. Meza ikaanza kujirudisha. Ilimrudisha Arlette ameketi, taratibu, juu ya mchanga, kuvuka barabara, mbele ya mama wa kwaya aliyemsalimu naye akaitikia, langoni, kati ya bembea na pipa, mpaka ndani.

Walikuwa wakikusanya vikombe.

"Yule wa kandambili alikuwa muzuri," alisema Mama Adolphine.

"Sana," alisema Mwalimu Dieumerci. "Sana kabisa. Hata mu Fizi sijaona."

"Mi mwenyewe nilimupenda," alisema Papa Bonaventure, na ilikuwa kweli. "Lakini meza mliona."

"Meza tuliona."

Arlette alisema, "Papa, mimi nilisema..."

"Ulisema vizuri, mutoto wangu," alimwambia, akamgusa bega. "Aksanti."

Kesho yake asubuhi, Willy alikuwa akifagia ofisi, madirisha yamefungwa, hakuna mtu. Alisikia neno likija juu ya meza kutoka upande wa mlango, dogo, limechoka, likitembea kama mdudu anayejua anakokwenda. Lilifika pale kilipokuwa kiti cha Papa Bonaventure, likasema "Uwamwiza," likasimama.

Alimweleza Arlette langoni, alipomleta mtoto.

"Sauti yako ilifika, Mama Ketsia."

"Ilifika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Lakini bakubwa bote balishakwenda, na muhuri walishapiga. Nikaifungulia dirisha." Alifikiri, akaongeza ili amtulize, "Ilitoka vizuri. Haikugonga kitu."

"Aksanti, Willy."

"Siku ingine uitume mapema."

Alimpeleka Ketsia mpaka mlango wa darasa. Gentille alikuwa amesimama mbele amevaa sketi mpya aliyoishona mwenyewe, mishono yake imenyooka kama mistari ya daftari. Alikuwa ametishika, na mtu aliyetishika hushika kile alichofundishwa nyumbani. Alipita benchi kwa benchi akiuliza kila mtoto kwa upole, "Na weye, ni mutoto wa nani?" Mtoto alipojibu, benchi lake lilisogea mbele au nyuma. Watoto walilishika kwa mikono miwili, wakasogea nalo. Wachache walikuwa tayari ukutani.

"Na weye?" alimwuliza Ketsia.

Ketsia alimtazama. Akamtazama mama yake mlangoni. Hakukuwa na sikio karibu. Benchi lake lilianza kwenda nyuma, polepole, na Arlette akasimama pale mpaka lilipotulia chini ya dirisha la mwisho, kisha akaenda sokoni, kwa sababu ilikuwa siku ya soko.

Jioni alisonga bugali na kukaanga ndagala kwa nyanya. Kulikuwa bado na mwanga wa ziwa mlangoni. Alipoingia na sufuria aliona kwamba meza imerefuka tena, lakini safari hii si upande wa Eddy. Ilikuwa imerefuka upande wake yeye. Kiti chake kilikuwa kimekwenda mbali, karibu na mlango wa nyuma, na Ketsia alikuwa ameketi mwisho mwingine, kidevu kikifika kwenye ubao, sahani yake mbele, akingoja.

Arlette hakushangaa. Aliweka sehemu ya mtoto kwenye sahani ya mtoto, akatembea na iliyobaki mpaka kitini kwake, akakaa. Vitambaa vitatu havikufika. Upande wake mbao ilikuwa tupu.

Wakala. Ng'ambo ya meza aliona midomo ya Ketsia ikitembea. Mtoto alikuwa akimnong'oneza kitu. Arlette aliweka mikono mezani ili ainuke, aende, ainame. Mgongo wake ulikuwa tayari umeanza safari.

Akakaa tena.

Alichukua kijiko, kilekile, akakilaza ubavu, akakisukuma. Krr, krr, krr. Kilikwenda na kwenda, kikapita kitambaa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ketsia akakizuia kwa kiganja.

Arlette alitaka kumwambia kwamba jana kulikuwa na mwalimu aliyeuliza jina lake. Alitaka kumwambia kwamba alimchagua, kweli alimchagua, kwamba neno lake lilifika ingawa lilikuta muhuri umekwisha kupigwa, na kwamba siku ingine litatoka mapema. Alianza kuyasema. Aliyasema yote, mpaka mwisho, kwa ile sauti ya kutoamsha mtu, na aliyaona yakitoka na kushuka juu ya ubao mtupu, yakienda polepole kama mchwa, hayajafika hata kwenye kitambaa.

Mtoto aliyangoja kidogo. Kisha akaweka kijiko chini, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akajivuta juu.

"Mama," alisema Ketsia, "sema kwa nguvu."